Kazi ya Ndugu wa Mgonjwa

Chuoni kwao walimwita Sindano, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Mtoto mchanga amekauka kwa kuharisha, mishipa imelala kama nyuzi chini ya ngozi, wauguzi wenye mvi wamejaribu mkono huu na ule mpaka mama mtu anaomba waache: hapo ndipo mtu alipotumwa mbio mabwenini, mwiteni Sindano. Naye msichana huyo hakuwa na haraka. Alikuja akitembea, akafunga mpira mkononi mwa mgonjwa, akafumba macho, akapapasa kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta swichi gizani, kisha akachoma. Mara moja tu. Damu ikachungulia, dripu ikaanza kudondoka, na yeye akaondoka bila kugeuka nyuma, maana anayejua hana haja ya kupigiwa makofi. Ingawa makofi aliyasikia vizuri.

Kwa hiyo chuo kilipotakiwa kupeleka wanafunzi wawili ng'ambo kwa mafunzo ya vitendo, jina lake halikujadiliwa. Mkuu wa chuo, mama wa maneno machache, alimwita ofisini pamoja na mwenzake, kijana aliyependa kueleza hata asichoulizwa na ambaye kwa ajili hiyo aliitwa Profesa. Akawaambia kwamba kule wanadhani huku watu wanacheza. Waende wakawaonyeshe. Wao ndio uso wa chuo, wasije wakaurudisha umepakwa masizi.

Sindano alifika ng'ambo kifua mbele. Akapewa kijiko.

Wodi ilikuwa ghorofa ya juu, ya wazee wanaume. Sakafu inang'aa, vitanda vimeachana mbali, kila kimoja na vitufe vyake vya kupandisha na kushusha. Kilichomshtua si vitufe, ni kimya. Kwao wodi ilikuwa soko: shangazi yuko kitandani na mgonjwa anamkanda miguu, binamu anateremka ngazi na beseni, mke mkubwa na mke mdogo wameshika chupa moja ya chai kila mtu anavuta kwake. Muuguzi alipita katikati ya watu hao na sinia lake la dawa kama nahodha. Alichoma, alifunga vidonda, aliandika, akaenda zake. Kuosha, kulisha na kugeuza ilikuwa kazi ya ndugu wa mgonjwa. Hapa ndugu hawakuwapo. Wazee walilala peke yao, wanatazama dari, kama mizigo iliyosahauliwa na mwenyewe.

Aliyemsimamia alikuwa muuguzi mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Wanafunzi wote walimwita Mlezi. Hakuwa mkali, hakuwahi hata kupandisha sauti. Alimweleza tu kwamba mwanafunzi hachomi. Mwanafunzi ataosha, atalisha, atageuza, atatazama. Sindano akauliza kwa adabu, mpaka lini? Mpaka nitakaposema, akajibiwa kwa adabu vilevile.

Na papo hapo, katika adabu hiyo ya pande mbili, ndipo kosa lilipopandwa. Maana Sindano, aliyeweza kuzalisha mapacha kwa mwanga wa tochi, hakuwahi maishani mwake kutia kijiko kinywani mwa mgonjwa mtu mzima. Mlezi naye, aliyekulia katika wodi zisizo na ndugu, hakuwaza kwamba duniani kuna muuguzi wa mwaka wa tatu asiyejua kulisha. Mmoja hakuuliza. Mwingine hakusema. Sindano angesemaje? Atoke kote huko kuja kukiri kwamba kijiko kinamshinda?

Mlezi alimwonyesha mara moja, haraka haraka, kama mtu anayemkumbusha mwenzake. Mgonjwa aketi wima. Kidevu kishuke kidogo. Kijiko kiwe kidogo, halafu usubiri koo lipande na kushuka. Tazama shavu la upande uliolala kwa kiharusi, chakula hujificha humo. Na akishamaliza asilazwe mpaka chakula kitulie. Sindano akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelezwa kwamba maji hulowesha.

Mgonjwa aliyekabidhiwa alikuwa fundi wa kupaka rangi, mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno yote, hata la na ndiyo. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na kwa huo aligonga. Akitaka dirisha lifunguliwe, aligonga chuma cha kitanda. Akikasirika, aligonga. Akimwona Sindano asubuhi, aligonga kwa fundo la kidole, ko ko ko, mpaka Sindano siku moja, kwa uchovu tu, akamjibu kwa lugha ya kwao: "Karibu." Mzee akatabasamu kwa nusu ya uso. Tangu hapo kila akigonga aliitikiwa karibu, na Sindano akampa jina ambalo pale wodini Profesa peke yake angelielewa: Mzee Hodi.

Profesa aliwekwa wodi ya wanawake, ghorofa ya chini. Jioni walikutana jikoni kwenye nyumba ya wanafunzi, mmoja akiosha vyombo, mwingine akifuta.

"Leo nimekata kucha wodi nzima," Profesa alisema. "Nikirudi nyumbani nafungua saluni."

"Cheka tu. Mimi sikusomea uyaya."

"Dada yangu, hicho kiburi kitakukata kabla ya wembe."

"Bora kiburi kuliko kijiko."

Profesa akacheka mpaka akamwaga povu. Lakini naye, ili isionekane wametoka porini, alikuwa ameshawapigia madaktari wa huko domo refu: kwamba yule dada wa ghorofa ya juu mmuonavyo hivyo, kwetu mishipa humfuata yenyewe.

Nyumbani nako hakukumpa nafasi ya kunyenyekea. Baba yake alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa na wateja wa redio wachache na wateja wa maneno wengi. Kila akipiga simu, salamu yake ilikuwa moja: umeshawachoma? Bado, baba. Na nyuma ya sauti ya baba alisikia watu wakicheka, wakimpa pole, wakimwambia asiwaonee huruma.

Mzee Hodi alikuwa na binti mmoja, mbali, mwendo wa siku nzima kwa treni. Huyo alikuwa ametenga chumba nyumbani kwake. Madaktari walikuwa wamesema kwamba mzee akiendelea kula kwa kinywa bila mushkeli, bila kuhitaji mpira wa kulishia puani, ataruhusiwa kwenda kwa binti yake. Wodini kila mtu alijua, na kila sahani iliyorudi tupu ilikuwa hatua ya kuelekea chumba hicho. Binti, akimjua baba yake, alituma kwa posta kadi za rangi, mzee achague mwenyewe ukuta upakwe ipi.

Kazi ya kumshikia kadi hizo ikamwangukia Sindano. Akamwekea kifuani rangi ya maziwa. Mzee akaifagia chini kwa kiganja. Samawati, ikaenda chini. Waridi, hiyo aliitupa mbali zaidi, na Sindano akajikuta anacheka. Mlezi alipita akamwambia asishangae, huyu mzee ndiye aliyepaka korido yao zamani, na tangu walioajiriwa baadaye waipake upya hajaitazama kwa jicho jema. Kadi ya mwisho ilikuwa kijani kilichofifia, kama jani upande wa chini. Mzee akaishika muda mrefu. Akaigonga. Ko ko ko.

"Karibu," Sindano alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwaza habari ya sindano.

Lakini kiburi ni moto wa pumba, juu majivu, chini unakula.

Ilikuwa mchana, saa ya chakula. Mlezi alikuwa ameitwa mkutanoni. Sindano alikuwa ameketi karibu na Mzee Hodi, sahani ya viazi vilivyopondwa mkononi, imebaki robo. Kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni kulikuwa na mzee mwingine aliyeletwa asubuhi, ametapika mpaka ameisha maji, na daktari kijana wa zamu alikuwa amemwinamia. Sindano alimtazama kwa pembe ya jicho. Alimwona akifunga mpira mahali pasipo pake. Alimwona akichoma, akikosa, akihama mkono. Yule mzee alilia kila alipochomwa, kilio chembamba cha mtu asiye na nguvu za kulia. Mkono wa Sindano uliendelea kupeleka kijiko, lakini haukuwa wake tena. Kijiko kilijaa, kilikwenda haraka, na macho yake yalikuwa kule.

Daktari akainuka, jasho linamtoka. Akatazama huku na huku, kisha akamwona.

"Wewe ndiye yule wa mishipa?"

Angeweza kusema nina mgonjwa hapa. Angeweza kusema mwanafunzi hachomi. Alisema ndiyo.

Aliinuka, akakumbuka mzee hana wa kumwangalia. Kwao mgonjwa haachwi peke yake, daima pana shangazi wa kumwegemeza. Akiachwa ameketi, alifikiri, atainamia ule upande uliolala, ataanguka. Basi akabonyeza kitufe. Kitanda kikashuka polepole mpaka mzee akalala chali. Mzee akagonga chuma.

"Karibu, naja sasa hivi," Sindano alimwambia bila kugeuka.

Mzee akagonga tena.

Alipofika kwenye kile kitanda kingine dunia ilinyamaza, kama ilivyonyamaza siku zote. Akafunga mpira juu zaidi, akafumba macho, akapapasa. Mshipa ulikuwa pale, umejikunja karibu na kifundo cha mkono, unamsubiri kama jamaa kwenye kituo. Akachoma mara moja. Damu ikachungulia. Daktari akaguna kwa mshangao, wauguzi wawili waliokuwa wakigawa sahani wakapiga makofi, na Sindano akasimama katikati ya makofi hayo, shingo ndefu, kwa mara ya kwanza ng'ambo akiwa mtu kamili.

Ndipo alipogundua kwamba hakuna anayegonga.

Mzee Hodi alikuwa amegeuka rangi. Midomo imekuwa ya kibuluu, macho yametoka, na kikohozi chake hakikuwa na nguvu hata ya kupeperusha nyuzi za shuka. Sindano akapiga kelele, akapandisha kitanda, akatia kidole kwenye shavu. Shavu lilikuwa limejaa. Vijiko vyote vya mwisho vilikuwa humo, havijamezwa hata kimoja, na mzee alipolazwa vilikuwa vimeteremka vyenyewe kwenye njia ya hewa. Watu wakaja na mashine ya kunyonya, wakamvuta, wakamwekea oksijeni. Mzee akarudi. Akapumua kwa sauti ya chungu kinachochemka. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kiganja juu, na haukugonga.

Mlezi alimchukua Sindano kwenye chumba cha mashuka safi, akafunga mlango.

"Alikuwa ameketi?"

"Nilimlaza."

"Shavu ulilitazama?"

"Hapana."

"Kwa nini ulimlaza?"

"Niliogopa ataanguka nikimwacha peke yake." Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote, naye alijua. Akaongeza: "Na nilitaka kwenda."

Mlezi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaitazama kama vile si yake. Kisha akauliza lile ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.

"Kabla ya kuja hapa umewahi kumlisha mgonjwa?"

"Hapana. Kwetu ni kazi ya ndugu wa mgonjwa."

Mlezi akakaa juu ya marundo ya mashuka. Alikaa hivyo, mikono magotini, mwanamke aliyechoka ghafla. "Na mimi sikukuuliza," alisema.

Sindano angependa afokewe. Angependa afukuzwe, apakiwe kwenye ndege siku hiyohiyo, ajue mzigo wake una uzito gani. Hakupewa. Aliitwa kwenye kikao, akaeleza, wakamsikiliza vizuri, wakamwambia ataendelea chini ya uangalizi. Homa ilipompanda mzee na mapafu yakajaa, daktari mkubwa alisema kwamba kwa mtu wa kiharusi huenda ingetokea tu, leo au mwezi ujao. Huenda. Neno hilo lilimkaa Sindano kooni kama chakula kilichopotea njia. Halikumhukumu, halikumwachia. Kila alipotaka kulia lilimwambia huenda si wewe, na kila alipotaka kulala lilimwambia huenda ni wewe.

Kisha, kana kwamba dunia haijamcheka vya kutosha, ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mkuu wa chuo. Daktari kijana, kwa moyo mweupe, alikuwa ametuma salamu za pongezi: mwanafunzi wenu amemwokoa mgonjwa wetu aliyekuwa ametushinda. Sauti ya mkuu, isiyozoea kusifu, ilitetemeka. "Mwanangu, umetutoa kimasomaso," alisema. Nyuma yake darasa zima lilikuwa likimshangilia. Profesa, aliyekuwa amesimama karibu na kusikia yote, hakufanya mzaha wowote. Alimshika bega kidogo, akaenda chumbani kwake.

Baba naye akapiga. Habari ilikuwa imeshafika kibandani, imeshapikwa, imeshaungwa. Safari hii Sindano alimwomba atoke nje, mbali na watu, akamwambia kila kitu, tangu kijiko mpaka kitufe. Baba akasema kwa sauti ya kumbembeleza:

"Sasa mama, mzee mwenyewe si alishakula chumvi yake? Umemponya mmoja, mwingine Mungu anamtaka. Hilo la pili usilitangaze."

Akarudi kibandani. Kabla simu haijakatika Sindano alisikia watu wakimpokea kwa shangwe.

Binti wa mzee alifika siku iliyofuata. Mwanamke mkubwa, koti halijavuliwa, na pembezoni mwa kucha zake kulikuwa na rangi ya kijani iliyokauka. Alisimama miguuni pa kitanda hajui mikono yake aiweke wapi. Midomo ya baba yake ilikuwa imekauka. Aliona, lakini akamtazama muuguzi, akauliza kama kuna mtu anaweza kuilowesha. Sindano alichukua pamba, akaichovya, akaipitisha taratibu, kisha akapaka mafuta. Akamgeuza mzee ubavu, akamnyoosha shuka mgongoni lisiache mikunjo. Alifanya kazi yote ya ndugu, na ndugu mwenyewe amekaa kwenye kiti anatazama kama mgeni.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimlisha?" binti aliuliza. "Na kadi ni wewe uliyemshikia? Waliniambia alikuwa anacheka na wewe." Akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Sindano. "Asante, mdogo wangu."

Maneno ya baba yalikuwa bado sikioni. Usilitangaze. Sindano aliutazama ule mkono wenye rangi juu ya mkono wake.

"Mimi ndiye niliyemlaza chakula kikiwa bado kinywani," alisema. "Nilikwenda kumchoma mgonjwa mwingine."

Mkono ule haukuondoka kwa ghafla. Uliondoka polepole, kidole kwa kidole. Binti akaanza kubandua rangi kwenye ukucha wake, magamba madogo ya kijani yakaanguka kwenye sakafu ile inayong'aa.

"Nimepaka mara mbili," alisema. "Rangi ya kwanza haikufunika." Kisha akageukia dirishani na hakumtazama Sindano tena, siku hiyo wala nyingine.

Mzee Hodi alifariki asubuhi, watu wakigawa chai. Mlezi na Sindano walimwosha pamoja. Sindano alipofika kwenye mkono wa kushoto aliukunjua vidole, akaosha kila fundo. Alipomaliza, Mlezi akiwa amebeba beseni kwenda kumwaga, aliinama akagonga chuma cha kitanda kwa kidole chake mwenyewe, ko ko ko. Akasubiri, kama mtu anavyosubiri mlangoni. Halafu akavuta shuka.

Kitanda hakikukaa wazi. Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa na mwenyewe mwingine, mzee mwembamba aliyekuwa dereva, naye kinywa kimepinda. Mlezi akamletea Sindano sahani na kijiko. Sindano akadhani ameelewa vibaya. Mlezi akaendelea kumnyooshea sahani mpaka alipoipokea. Safari hii alibaki amesimama nyuma yake.

Mzee wima. Kidevu chini. Kijiko kidogo. Sindano akasubiri koo lipande na kushuka, akatazama shavu, akachota tena.

Walikuwa nusu ya sahani mlango ulipofunguka. Alikuwa daktari kijana, amevaa glavu, uso umejaa matumaini.

"Dada wa mishipa," aliita, "njoo unisaidie. Mshipa umegoma huku."

Sindano hakuinua macho. Vidole vyake viliujua mshipa ule hata kabla ya kuuona. Vilicheza vyenyewe kwenye mpini wa kijiko.

"Bado hajameza," alisema.

Daktari alisubiri kidogo pale mlangoni, kisha akaenda. Kutoka chumba cha pili ukaja ukimya, halafu kilio chembamba cha mtu aliyechomwa. Ukimya tena. Kilio tena. Sindano alikaa, kijiko mkononi, akihesabu koo la mzee likipanda na kushuka, na kila kilio alikijua kilivyotoka: hapa amechoma chini mno, hapa amepita pembeni, hapa amehama mkono. Mzee akafungua kinywa. Akamwekea kijiko kingine, kidogo, akasubiri.